Hulipa ili wafanye kazi: Wanagenzi wanaosafirisha bidhaa kwa matanga

TANI 40 za mzigo si jambo geni kwa mfanyabiashara wa Namanga, Busia, Rusumo au Tunduma. Ni shehena ya semitrela moja na nusu, na kila gari huwa na dereva wake na utingo mmoja.

Katika Bahari ya Atlantiki hesabu hiyo ni tofauti. Meli ya matanga iitwayo Tres Hombres, yenye urefu wa meta 32, huhitaji watu wapatao 15 ili ivushe mzigo wa tani hizo hizo. Haina injini. Na wengi wa watu hao 15 si mabaharia wa kazi. Wapo waliokuwa hawajawahi kushika kamba ya tanga hadi siku walipopanda, na badala ya kupokea mshahara, wao ndio waliotoa fedha mfukoni.

Hawa huitwa wanagenzi. Ni walimu, mafundi seremala, wanafunzi wa vyuo, wauguzi walio likizo na wastaafu, wanaojiandikisha kwa safari ya wiki mbili, mwezi mmoja au miezi kadhaa. Hupika, hufagia, huosha vyombo, hupanda milingoti usiku wa manane na hubeba mapipa bandarini.

Kwa mtu anayeishi kwa kununua huku na kuuza kule, swali la kwanza ni rahisi: nani anafaidika?

Mizigo miwili katika meli moja

Tres Hombres, maana yake "wanaume watatu" kwa Kihispania, ilipewa jina hilo kutokana na marafiki watatu walioianzisha: Arjen van der Veen, Andreas Lackner na Jorne Langelaan. Kampuni yao, Fairtransport, ilianzishwa Uholanzi mwaka 2007. Chombo chenyewe kilijengwa Ujerumani mwaka 1943 kwa kazi za vita, kikabadilishwa kuwa meli ya matanga kwa msaada mkubwa wa watu waliojitolea, na kikaanza kubeba mizigo mwishoni mwa 2009.

Safari yake ya kila mwaka imekuwa na mkondo unaoeleweka. Huondoka Ulaya majira ya vuli, hushuka hadi Visiwa vya Canary, huvuka Atlantiki hadi visiwa vya Karibi, kisha hurejea kupitia Visiwa vya Azores. Huko Karibi hupakia mapipa ya ramu, magunia ya kakao na kahawa. Bidhaa hizo huuzwa Ulaya kwa bei ya juu kwa sababu mnunuzi anaelezwa kwamba zilikuja kwa upepo.

Hata bei hiyo ya juu haitoshi. Meli kubwa za kisasa za makontena hubeba makontena zaidi ya 20,000 kwa mabaharia ambao mara nyingi hawafiki 30. Hakuna meli ya tani 40 inayoweza kushindana na nauli ya namna hiyo. Ndiyo maana wenye meli za matanga huuza vitu viwili kwa mpigo: nafasi ya mzigo chini ya sitaha, na nafasi ya kujifunza juu yake. Ada ya wanagenzi huziba pengo ambalo nauli ya mapipa haiwezi kuziba.

Kwa hiyo mwanagenzi ana nafasi mbili katika hesabu za meli. Upande wa mapato anahesabiwa kama mteja. Upande wa kazi anahesabiwa kama jozi ya mikono isiyolipwa. Anayejiunga bila kulielewa hilo huanza kunung'unika siku ya tatu, anapoambiwa asugue choo baada ya kulipia safari.

Meli za aina nyingi

Si kila meli inayochukua wanagenzi hubeba bidhaa. Nyingi kati ya meli kubwa ni mali ya majeshi ya wanamaji, nazo hufundisha maofisa vijana kwa gharama ya serikali. Oman ina Shabab Oman II, iliyoanza kazi mwaka 2014 kuchukua nafasi ya Shabab Oman ya kwanza. Algeria ina El Mellah, iliyojengwa Poland. Ujerumani ina Gorch Fock, ambayo imekuwa majini tangu 1958.

Kundi la pili ni meli za vijana, zinazoendeshwa na taasisi na misaada. Mashindano maarufu ya meli hizo yalianza mwaka 1956, meli 20 ziliposhindana kutoka Torbay, Uingereza, hadi Lisbon, Ureno. Hadi leo kanuni ya mashindano hayo inataka angalau nusu ya watu walio ndani ya kila chombo wawe na umri wa kati ya miaka 15 na 25.

Kundi la tatu, dogo kuliko yote, ni hizi za mizigo. Ndizo zinazomgusa zaidi mfanyabiashara, kwa kuwa ndani yake mwanagenzi haishi kwa ratiba ya shule. Anaishi kwa ratiba ya shehena.

Utingo wa baharini

Mgeni huanza chini kabisa, kama utingo anavyoanza kwa kufunga turubai kabla hajaruhusiwa kugusa usukani. Siku ya kwanza hakuna tanga linalotwekwa. Huonyeshwa mahali pa jaketi za kuokolea maisha, jinsi ya kuvaa mkanda wa usalama, la kufanya moto ukizuka jikoni, na la kufanya mtu akitumbukia baharini. Katika jambo hili la mwisho agizo huwa moja: anayemwona aliyeanguka asikimbie popote, amnyooshee kidole asimwondolee macho, huku akipiga kelele. Kichwa cha mtu kwenye mawimbi hupotea kwa dakika chache.

Baada ya hapo hufuata kamba. Meli yenye mlingoti wa matanga ya mraba huwa na makumi ya kamba, zote zikifungwa kwenye vigingi vya mbao pembeni mwa sitaha na kwenye milingoti. Kila moja ina jina na kazi: ipo ya kutweka, ipo ya kutua, ipo ya kuvuta foromali ielekee upepo unakotoka. Hazina maandishi. Mwanagenzi huzikariri kwa mahali zilipo, kwa sababu usiku atazitafuta kwa kupapasa. Kufungua kamba isiyo yake kunaweza kuangusha foromali nzito juu ya kichwa cha mwenzake.

Lugha ya amri nayo ni somo. Anayeamriwa hurudia amri kwa sauti kabla ya kuitekeleza, ili aliyetoa ajue imesikika sawasawa. Katika upepo mkali neno moja likisikika vibaya ni gharama.

Kisha huja bahari yenyewe. Wengi hutapika siku mbili au tatu za mwanzo. Wazoefu huwashauri wakae nje kwenye hewa, waangalie mstari wa upeo wa bahari, wanywe maji kidogo kidogo na wale kitu kikavu hata bila hamu. Jambo wasiloruhusiwa ni kujifungia chini na kuacha zamu, ila kwa amri ya nahodha. Mwenye kichefuchefu hupewa ndoo na kazi yake ileile.

Zamu ni mfumo unaotawala maisha yote. Mabaharia hugawanywa makundi mawili au matatu, na kwa kawaida kila kundi hufanya kazi saa nne kisha kupumzika. Mwanagenzi hulala jioni akaamshwa kabla ya saa sita za usiku, akalala tena alfajiri. Baada ya wiki moja huacha kuhesabu siku, akahesabu zamu.

Katika zamu hiyo kila mtu hushika usukani kwa muda. Mgeni hutazama dira tu na kuufukuza mshale kama anayefukuza kuku, meli ikaacha nyuma mkondo uliopinda kama nyoka. Taratibu hujifunza kuuhisi upepo shavuni na kuisikia meli miguuni, akasogeza usukani kidogo kabla dira haijasema. Mwingine husimama omoni kulinda: taa ya meli nyingine, boti ya wavuvi isiyo na taa, kontena lililoanguka likaelea. Katika meli isiyo na injini, kuona mapema ndiyo breki.

Juu ya foromali

Sehemu inayoogopwa na wengi ni kupanda. Matanga ya mraba hufungwa kwenye foromali, boriti ndefu zilizolazwa kukata mlingoti. Ili kuyakunja ni lazima watu wapande ngazi ya kamba, watambae hadi ncha ya foromali, wasimame juu ya kamba moja iliyoning'inia chini yake, kisha waegemeze tumbo kwenye boriti na kuvuta turubai kwa mikono.

Kuna kanuni ambazo hazibishaniwi. Mtu hupanda upande unaotoka upepo, ili upepo umsukume kwenye kamba badala ya kumng'oa. Hushika kamba za wima zilizokazwa, si vidato vya mlalo vinavyoweza kukatika. Mfukoni hapandi na kitu kinachoweza kudondoka. Kisu hufungwa kwa uzi. Na kabla ya kukanyaga kamba ya foromali humtangazia aliyekwisha kusimama hapo, kwa sababu uzito wake utamyumbisha.

Katika meli nyingi kupanda si lazima kwa mwanagenzi. Asiyeweza ana kazi tele sitahani. Nahodha mwenye busara humpendelea anayekiri hofu yake kuliko anayepanda kwa kuona haya halafu akagandia huko juu, kwa sababu wa pili atahitaji watu wawili wa kumshusha.

Shehena haisamehi

Bandarini mwanagenzi hugeuka kuli. Pipa la ramu huinuliwa kwa kamba na gofia, watu sita au zaidi wakivuta kwa pamoja, likashushwa ndani ya ngama taratibu. Huko chini hulazwa, likazuiwa kwa kabari za mbao, likafungwa. Magunia hujaza mianya. Msaidizi wa nahodha hukagua kila tabaka kabla ya jingine kuwekwa juu yake.

Ukali huo una historia. Tarehe 21 Septemba 1957, meli ya milingoti minne iitwayo Pamir ilizama katika kimbunga kusini-magharibi mwa Visiwa vya Azores. Ilikuwa ikitoka Buenos Aires kwenda Hamburg, ikiwa na zaidi ya tani 3,700 za shayiri, sehemu kubwa ikiwa imemwagwa ngamani bila magunia. Ndani yake walikuwamo watu 86, na zaidi ya 50 kati yao walikuwa wanagenzi vijana. Walionusurika ni sita.

Uchunguzi uliofanyika Ujerumani ulitaja shayiri iliyohama upande mmoja meli ilipolala. Makuli wa Buenos Aires walikuwa katika mgomo wakati wa kupakia, na kazi ya kusawazisha nafaka ilifanywa na watu wasio na uzoefu, wakiwamo vijana wenyewe wa meli.

Dereva yeyote aliyewahi kukata kona na lori la mahindi yaliyolegea analijua jambo hilo kwa kiasi chake. Barabarani mzigo uliohama humwangusha mmoja au wawili. Baharini huondoka na wote.

Ratiba ya upepo

Kutoka Visiwa vya Canary hadi Barbados ni takriban maili 2,700 za baharini. Meli inayokwenda wastani wa maili tano kwa saa huzimaliza kwa siku 22 hivi. Lakini wastani si ahadi. Upepo ukilala, meli hukaa palepale, matanga yakipiga makofi bure, na mwanagenzi aliyenunua tiketi ya ndege ya kurudia nyumbani huanza kuhesabu hasara.

Safari hizo hupangwa pia kwa kukwepa vimbunga. Msimu wake huko Karibi ni kati ya Juni na Novemba, hivyo meli huvuka baada ya hapo na hujitahidi kuondoka kabla ya msimu mwingine. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Ghuba na India yamekuja Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na aliyechelewa kupakia alingoja msimu.

Kuna vikwazo vingine visivyo vya upepo. Mwaka 2020 meli ya matanga ya mizigo Avontuur, ya Ujerumani, ilikuwa safarini na watu 15 wakati bandari zilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19. Mizigo iliruhusiwa kupanda. Mabaharia hawakuruhusiwa kushuka. Kwa miezi kadhaa hawakukanyaga nchi kavu, mpaka walipofika Hamburg mwezi Julai na kahawa na kakao zao. Katika majira hayohayo madereva wa malori walilala katika foleni ndefu za Malaba na Busia wakisubiri majibu ya vipimo. Bidhaa zilikuwa na kibali, wanaozibeba hawakuwa nacho.

Shule iliyokuwapo Pwani

Mtu mmoja aliwahi kuzijua shule zote mbili. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alinunua meli ndogo ya mafunzo ya Denmark mwaka 1934, akaiita Joseph Conrad, akazunguka nayo dunia kwa miaka miwili akiwa na vijana, baadhi yao wakiwa wamelipia nafasi zao. Safari ilifanikiwa, biashara ikamfilisi, na akalazimika kuiuza meli.

Mwishoni mwa 1938 alipanda Aden katika bumu la Kuwait lililokuwa chini ya nahodha Ali bin Nasr Al-Nejdi. Lilishuka pwani ya Somalia hadi Mombasa na Zanzibar, likaingia Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha likarejea Ghuba mwaka 1939. Humo hakukuta ada ya mafunzo. Mabaharia hawakuwa hata na mshahara: baada ya kutoa gharama, mapato ya safari yaligawanywa kwa mafungu kati ya chombo na watu wake. Kila baharia alikuwa pia mchuuzi mdogo, na kasha lake la bidhaa lilikuwa chini ya sitaha.

Mfumo huo haukuwa wa peponi. Villiers aliwakuta mabaharia wakiwa na deni kwa nahodha, na manahodha wakiwa na deni kwa matajiri wa Kuwait. Tofauti ni hii: kijana wa bumu alijifunza kwa gharama ya deni, na mwanagenzi wa leo hujifunza kwa gharama ya akiba. Lakini wa bumu alikuwa na fungu katika mzigo. Wa leo, kwa kawaida, hana.

Maswali kabla ya kulipa

Hilo ndilo linalofaa kupimwa na yeyote, wa Dar es Salaam, Muscat au Hamburg, anayefikiria kujiunga. Ada hununua nini hasa? Je, chakula, bima na nguo za mvua vimo ndani yake? Meli ikichelewa wiki mbili, siku za ziada zinalipwa na nani? Viza za bandari za njiani zinashughulikiwa na nani? Je, muda wa baharini utaandikwa katika hati inayotambulika kwa anayetaka baadaye kusomea ubaharia?

Maswali mazito zaidi ni ya usalama. Cheti cha chombo kilitolewa lini na nani? Mabaharia wazoefu ni wangapi kwa kila mgeni? Mazoezi ya kuacha meli hufanyika mara ngapi? Mwezi Mei 2024 meli ya matanga ya mizigo De Gallant ilizama karibu na Bahamas katika hali ya hewa iliyobadilika ghafla. Watu wanane walikuwamo. Sita waliokolewa, wawili hawakuonekana tena. Chombo kilikuwa kinafanya kazi ileile inayopigiwa picha nzuri, ya kuvusha bidhaa kwa upepo.

Pamoja na hayo wanagenzi huendelea kujiandikisha, na wapo wanaorudi mara ya pili, wengine wakiwa mabaharia wa kulipwa. Anayeshuka baada ya kuvuka Atlantiki anajua kutweka na kutua, kufunga fundo gizani, na kulala akimwamini mwenzake aliye zamuni. Anajua pia jambo ambalo mnunuzi dukani halioni kwenye lebo: uzito halisi wa pipa moja, idadi ya mikono iliyolishika, na siku ambazo lilikaa likisubiri upepo.

Kwa wanaovusha nyanya, mchele na vitenge kila wiki, hayo si mageni. Kilicho kigeni ni kwamba kuna watu wanaolipa fedha nyingi ili wayajue.